Saini Ni Zetu

Kijiji hakiuzwi na mtu mmoja. Mwenyekiti peke yake hana uwezo huo, mtendaji peke yake hana, na tajiri aliyeshuka kwenye gari la vioo vyeusi hana kabisa. Ili eneo la kijiji litoke mikononi mwa wenyewe, mkutano mkuu sharti ukae, watu waelezwe, waridhie, muhtasari uandikwe na majina ya waliohudhuria yaambatanishwe. Basi enyi watu wa Pangani mnaolia barazani kila jioni kwamba ardhi imekwisha, niambieni: yale majina yaliyoambatanishwa ni ya nani? Zile saini za kalamu ya buluu, nyingine za herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne, na vile vidole gumba vya wino, ni vya majini? Ni vyetu. Wengine tulitia saini chini ya mwembe tukidhani ni karatasi ya kugawiwa chandarua. Wengine tulitilia nyumbani, karatasi imeletwa na kijana wa bodaboda siku kadhaa baada ya mkutano ambao haukufanyika. Wengine tulipewa elfu tano tukashukuru. Na wengine, nao ndio wengi, hatukutia chochote. Tulisikia jina letu limeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, tukanyamaza.

Twajua. Hilo ndilo linalonichoma.

Laiti tungekuwa hatujui, ningesema tufundishwe. Lakini nani kati yetu hajui kwamba mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ndio wenye kauli ya mwisho kijijini? Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982 iliuweka mkutano huo juu ya halmashauri ya kijiji na wajumbe wake wote, wawe 15 au 25. Bibi anayekaanga mihogo kivukoni ana kauli sawa na mwenye boti tatu. Miaka kumi kabla ya sheria hiyo, mwaka 1972, serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa nchi nzima, mambo yote yakawa ya kuamuliwa na watumishi waliotumwa kutoka juu, na wazee wetu waliyaonja matunda yake. Zikarudishwa. Kisha ikaja Tume ya Rais ya masuala ya ardhi ya mwaka 1991, chini ya Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchi kusikiliza vilio vya wanavijiji walioporwa mashamba, ikapendekeza ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wenyewe. Serikali haikukubali yote. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kabla haujaridhia! Hilo ndilo komeo tulilotiliwa mlangoni, na ufunguo tukakabidhiwa sisi, mvuvi na mkulima, tusiokuwa na wakili wala mjomba wizarani. Tukaufanyia nini?

Tukauacha ukichezewa.

Mkutano hutakiwa kila miezi mitatu. Mbiu ikipigwa, nani huja? Wazee saba wenye bakora zao, kina mama wachache wamebeba watoto, wajumbe wanaongoja posho, na mlevi mmoja aliyekuja kutafuta kivuli. Akidi haitimii. Kikao huahirishwa mara ya kwanza na ya pili, na mara ya tatu mtendaji, aliyekwisha kutuzoea, huandika kwamba wananchi walihudhuria kwa wingi. Saa hizo vijana wako wapi? Wako kijiweni, wanajadili kikosi cha Simba na Yanga kwa ufasaha ambao ungetosha kuuendesha mkoa. Banda la mpira hujaa hadi dirishani, na kiingilio hulipwa bila kuombwa. Wanaume wazima wako kwenye bao. Wenye maduka wamekaa dukani na kusema mambo ya kijiji ni ya wasio na kazi. Walimu na wauguzi hujiona wageni, ingawa wamekaa hapa miaka kumi na sheria inawahesabu kuwa wakazi. Wasomi wetu wako Tanga mjini na Dar es Salaam. Hurudi kwa mazishi, hupiga picha ufukweni, husema kijiji kimedorora, hupanda basi. Halafu mapato na matumizi yasiposomwa mwaka mzima, sote kwa pamoja twauliza: hivi viongozi wetu wakoje?

Wako kama tulivyowaacha.

Njoo barazani baada ya alasiri, kahawa inapomiminwa, ndipo utakaposikia maarifa. Hapo hakuna lisilojulikana. Yajulikana ni mifuko mingapi ya saruji ya zahanati iliyojenga ukuta wa nani. Yajulikana ushuru wa mazao ulikusanywa bila stakabadhi, na pikipiki ilinunuliwa wiki ipi. Yajulikana mpaka wa shamba la yatima ulisogezwa usiku gani, nani alishika kamba na nani alishika tochi. Hesabu zasomwa pale kwa ukamilifu ambao mkaguzi hawezi kuufikia. Kisha mwenyekiti mwenyewe atokee, kanzu nyeupe, fimbo mkononi: baraza lote lanyanyuka, shikamoo zamiminika, anapishwa kiti, anamiminiwa kahawa, na yule aliyekuwa akisoma hesabu kwa ukali kuliko wote ndiye anayemwuliza habari za nyumbani kwa sauti ya asali. Huo ni ustaarabu? Twauita ustaarabu. Twauita muhali. Ati twaoneana muhali, sisi watu wa pwani, hatuumbuani. Lakini yule yatima tulimwonea muhali? Yule mjamzito aliyevushwa mto usiku kwenda kujifungulia mbali kwa sababu jengo la zahanati halina paa, tulimwonea muhali? Muhali wetu una macho. Humtambua mwenye muhuri na kumpita asiye nacho.

Na tunasali. Msikiti hautukosi, kanisa halitukosi. Tumehubiriwa mara ngapi kwamba Mtume amemlaani anayetoa rushwa na anayeipokea? Tumeitikia amina. Tukatoka, tukavaa viatu, tukaenda kupokea.

Maana ardhi huuzwa mwishoni. Kwanza huuzwa kura. Mgombea akija na maneno matupu twamcheka, twasema mkono mtupu haulambwi. Akija na khanga, kofia, fulana na sufuria la pilau, huyo ndiye mtu wa watu. Mwaka 2000 Bunge liliingiza katika sheria ya uchaguzi kifungu kilichoruhusu takrima, ati ni ukarimu wa Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakibatilisha kwa kuwa ni kinyume cha Katiba. Mahakama ilikifuta kitabuni. Nani atakifuta matumboni mwetu? Mama zangu, khanga ile haikumaliza misimu miwili ya kufuliwa, na aliyekupa amekaa miaka mitano. Mzee wangu, sahani ile ya pilau ulikula siku moja. Leo wanao hawana pa kuchimba kaburi karibu na babu zao kwa sababu eneo la makaburi limo ndani ya uzio wa seng'enge. Hivi tulipopiga hesabu, tulipigia upande gani?

Najua mtanijibu nini. Mtasema kura hazina maana, matokeo hujulikana mapema. Mtanitajia tarehe 24 Novemba 2019, vyama kadhaa vya upinzani vilipojitoa na wagombea wengi wakapita bila kupingwa. Mtanitajia tarehe 27 Novemba 2024, chama tawala kilipotangazwa kushinda vijiji takriban asilimia 99 nchini, huku wapinzani wakilia kwamba wagombea wao walienguliwa kwa kasoro za kujaza fomu. Sina chama ninachokitetea hapa, wala sitasema malalamiko hayo ni madogo, kwani watu wakinyimwa kuchagua wamenyimwa kitu kikubwa sana. Nauliza tu lile lililo mlangoni kwetu. Fomu za kijijini hupokelewa na nani? Pingamizi huandikwa na nani? Huyo anayemjua mgombea tangu alipotahiriwa, akamwandikia kwamba si mkazi wa kitongoji, alitoka sayari gani? Ni mpwa wetu. Ni jirani anayekuja kuazima chumvi. Na mtu alipoenguliwa kwa uongo ambao kitongoji kizima kilijua ni uongo, ni wangapi walikwenda ofisini kusema, mtu huyu ni wa kwetu, tunamjua, amezaliwa hapa? Tulisema hiyo ni siasa. Tulisema tusijitafutie matatizo. Mgombea huyo akabaki peke yake na karatasi zake, na kesho yake tulikutana naye sokoni tukamwambia pole.

Pole ilitugharimu nini?

Ugonjwa huu wa shibe si mpya, nami sitawapamba wahenga. Mwanahistoria Jonathon Glassman ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1995, juu ya karamu na uasi katika pwani hii yetu, na Pangani ndiyo kitovu chake. Wakubwa wa zama hizo walishindana kuchinja na kugawa nguo ili wapate vyeo na wafuasi; asiyeweza kulisha mji hakuhesabiwa. Na bandari hii ilisafirisha pembe na watu waliofungwa minyororo. Kwa hiyo mtu asiniletee habari za zamani tamu. Hata hivyo kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo kila mtoto wa Pangani hulitaja kwa kifua mbele. Mwaka 1888 Sultani wa Unguja alikubali kwa mkataba kuikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Agosti mwaka huo Emil von Zelewski akaja kutwaa Pangani, akapandisha bendera ya kampuni, akamdhalilisha liwali, watu wake wakaingia msikitini na mbwa. Mji ukakataa. Mabwana na watumwa, Waarabu, Waswahili na watu wa bara, kila mmoja kwa sababu yake na wengine kwa uchungu wao dhidi ya wakubwa wenyewe, walisimama. Bushiri bin Salim akapigana hadi alipokamatwa, akanyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tunalo hata jina lake katika kijiji chenye mashamba ya mkonge, na wageni twawasimulia.

Walichokikataa ni nini? Karatasi iliyotiwa saini ng'ambo ya bahari, na wenye nchi hawakuulizwa.

Leo karatasi haitoki Unguja. Haitoki Berlin. Inaandikwa mezani katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili chetu, inagongwa muhuri wetu, na walioulizwa ni sisi, na jibu letu ni saini. Wale waliokufa kwa kukataa kuamuliwa mambo yao tunawataja kwenye sherehe; haki ya kujiamulia tumeiacha mezani kwa mtu mwenye haraka ya kwenda benki. Tuna ujasiri gani wa kulitamka jina la Bushiri?

Na msidhani ni ardhi tu. Miaka mingi mlipuko wa baruti umesikika baharini alfajiri, watu wakitoka kusali. Kila aliyesikia alijua ni chombo cha nani. Muuza samaki akimshika samaki huyo alimtambua kwa vidole, maana mfupa umevunjika ndani na nyama imelegea. Akamnunua, akamkaanga, akamuuza, nasi tukamla. Kamati za kusimamia rasilimali za bahari ziliundwa, wajumbe wakachaguliwa miongoni mwetu, na mjumbe aliyethubutu kutoa taarifa aliitwa msaliti na shemeji zake mwenyewe. Askari wa doria ndio waliopunguza milipuko hiyo. Kauli yetu haikuwemo. Baadaye tukaja kulalamika kwamba changu wametoweka na tasi wamepungua ukubwa, kana kwamba walihama kwa hiari yao.

Mwaka 2004 Mwaustria mmoja, Hubert Sauper, alitoa filamu juu ya sangara wa Mwanza. Wengi wetu twaijua kwa jina la filamu ya mapanki. Ilipofika mwaka 2006 nchi iliwaka. Rais Kikwete aliilaani hadharani, maandamano yakafanyika Mwanza. Filamu ile ilikuwa na madai mazito ambayo haikuyathibitisha, na haki ya kukasirika ilikuwepo. Lakini mapanki, yale mabaki ya samaki, yalikuwepo pia, na walioyala walikuwepo, nasi ghadhabu yetu karibu yote tuliimalizia kwa mwenye kamera. Sasa wazeni: mtu aje na kamera, akae mwaka mmoja katika kijiji kimoja cha Pangani, asiongeze neno lake hata moja. Apige tu kinachotokea. Angeona viti vitupu vya mkutano. Angeona karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari ikipitishwa msibani. Angeona sufuria za kampeni, na foleni yetu, na watoto wetu wakijifunza ndani ya foleni hiyo. Angeona baraza likinyanyuka kumpisha mtu liliyetoka kumsema. Filamu hiyo ikionyeshwa Tanga mjini, tungefanya nini? Namuonea huruma mwenye kamera, maana tungesema ametuchafua.

Niwaambie na dhambi nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: namna tunavyowatenda wachache wanaouliza. Kijana akisimama mkutanoni, akaomba mapato na matumizi yasomwe, kwanza huulizwa, wewe mtoto wa nani? Akisisitiza, huitwa mpinzani. Akirudia, mchochezi. Usiku babake hufuatwa na wazee wenye hekima, waseme kwa upole kwamba mtoto ana maneno mengi, amrudi kabla hajaharibikiwa. Mwanamke akisimama ndiyo balaa zaidi. Swali lake halijibiwi, hujibiwa ndoa yake. Nani amempeleka kusema mbele ya wanaume? Mumewe yuko wapi? Na wanaocheka si viongozi peke yao. Twacheka sote, tuliokaa mikekani, ambao swali lile liliulizwa kwa faida yetu. Ni kina nani waliomfundisha kijana yule kwamba kunyamaza ndiyo adabu? Sasa ameondoka, anaendesha bodaboda mjini, na viti vya halmashauri ya kijiji vimekaliwa na wale ambao hawajawahi kuuliza kitu.

Tumewafukuza waliotupenda.

Funika kombe, mwanaharamu apite. Hiyo ndiyo hekima tunayotoa kila neno likichacha. Tumefunika makombe mangapi? Fedha za madawati, tumefunika. Msitu wa mikoko uliokatwa kwa kibali ambacho hakuna aliyekiona, tumefunika. Mzee aliyepigwa kwa kukataa kuhama, tumefunika, tukamchangia nauli ya hospitali ili tujisikie wema. Na mwanaharamu hapiti. Ameketi, amejenga, ameoa kwetu.

Wala muda hatunao. Barabara ya kutoka Tanga kuja Pangani, kwenda Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 la kutuunganisha na Bweni, si maneno ya kampeni tena. Tuliomba barabara hiyo tangu enzi za babu zetu, na ni neema. Lakini ekari ya ufukweni ambayo jana haikuwa na mnunuzi leo inapigiwa simu na watu watano, na kila mmoja wao anajua kitu kimoja kuhusu sisi: kwamba mkutano wetu mkuu ni mwenyekiti, mtendaji, muhuri na kalamu. Watakapokuja hawatakuja na mbwa wala bendera. Watakuja na soda, na mchele, na ahadi ya kisima, na karatasi ya mahudhurio yenye mistari mitupu. Mwekezaji mwema yupo, simkatai. Huyo mwema hasa ndiye asiyeogopa mkutano uliojaa watu wenye maswali. Anayeogopa ndiye anayetupenda tulivyo.

Kipumbwi, Mkwaja, Ushongo, Bweni, Mwera, Madanga, Kimang'a, hakuna kijiji ninachokitoa na hakuna ninachokituhumu peke yake. Tumefanana. Wenye kosa si wale ishirini waliokula peke yao. Ni pamoja na mamia waliotazama wakila, wakangoja zamu yao, na ilipochelewa ndipo wakaita ule ulaji dhuluma. Mwenyezi Mungu hatatuuliza barazani tulisema nini. Tutaulizwa kuhusu amana, na ardhi hii, na mto, na bahari, na kauli ya mwisho tuliyopewa juu yake, vyote vilikuwa amana.

Wazee wangu, acheni kuwanyamazisha wanaouliza. Mama zangu, simameni mseme, na atakayewacheka mtajeni jina mbele ya watu. Vijana, mkutano ukitangazwa fungeni kijiwe, njooni, kaeni mbele. Takeni muhtasari wa mkutano uliopita usomwe wote, pamoja na majina, kila jina kwa sauti, na asiyekuwepo aseme sikuwepo. Takeni mapato na matumizi yabandikwe ubaoni. Na ikipitishwa karatasi ya mahudhurio isiyoandikwa juu yake tarehe na ajenda, irudisheni kama ilivyokuja, bila saini hata moja.

Mkutano wa robo hii haujaitishwa. Kesho asubuhi nendeni ofisi ya kijiji mkaulize utafanyika lini.